Kibali cha Kitanda

Kwetu Nansio ukitaka kumchekesha mtu mahali pasipofaa kucheka, kanisani au msibani, mnong'oneze sikioni: "Kibali kiko wapi?" Atajua papo hapo kwamba unamsema Bwana Misitu. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Serikali ilimleta kisiwani kulinda msitu, basi akawa Bwana Misitu, kama yule wa mazao alivyokuwa Bwana Shamba na yule wa vyoo Bwana Afya. Hao wawili walihamishwa tukawasahau. Huyu alibaki.

Kibali aliwauliza wanawake waliobeba kuni, watoto waliokata panda za manati, na wazee waliotoka porini na mpini wa jembe. Krismasi moja katekista alikata tawi la msonobari, akalisimamisha kanisani na kulibandika pamba kuigiza theluji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Bwana Misitu alikuwa kwenye kwaya siku hiyo, upande wa besi. Akaimba mpaka mwisho. Akaenda kwa katekista, akala pilau la sikukuu, akaongezewa, akanawa mikono. Ndipo akauliza: "Lile tawi lina kibali?" Katekista akacheka akidhani ni utani. Jioni ile ile tawi lilitolewa kanisani pamoja na pamba zake, na mwaka uliofuata tulipamba kwa karatasi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kaptula ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa na soksi zilizovutwa hadi magotini. Mfukoni alichomeka kalamu mbili. Moja ilikuwa imekauka wino tangu nianze kumfahamu. Nilimuuliza siku moja ya kazi gani.

"Ya kuwaazima watu," akasema.

Nilimjua kwa sababu ya baiskeli yake. Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko karibu na gati, na yeye alikuwa na baiskeli nyeusi ya Kichina ambayo ilikuwa na kelele kuliko zote kisiwani. Cheni ilikuwa kavu, inalia kri-kri-kri kila pedeli ikizunguka. Nilimsikia akija kabla hajakata kona ya soko. Kila alipoleta gurudumu nilimwambia niitie cheni mafuta, hata bure, kwa sababu ilinitia aibu mimi fundi. Alikataa. Nilidhani ni ubahili, mpaka siku moja akanieleza.

"Wale wakata mbao wakinisikia wanakimbia," akasema. "Nisiposikika nitawakuta. Nikiwakuta itabidi niwakamate, na wao wana misumeno."

Huo ndio ulikuwa ulinzi wa msitu wetu. Na nisiseme uongo, ulifanya kazi. Mwizi anayekimbia mara nne kwa siku hamalizi mti hata mmoja kwa wiki.

Kisha ikaja miaka ile ya mambo ruksa. Maduka ya ushirika yakafungwa, mitumba ikajaa sokoni, magari ya barafu yakaanza kugombania sangara ufukweni, na ofisi zikaanza kupunguza watu. Barua ya Bwana Misitu ilikuja na meli ya asubuhi. Akaileta kibandani kwangu na kuniomba nimsomee. Kusoma alikuwa anajua vizuri kuliko mimi, ila nadhani alitaka maneno yale yatoke mdomoni mwa mtu mwingine. Nikafuta mikono, nikasoma. Nafasi yake imefutwa, anashukuriwa kwa utumishi wake, arudishe mali ya ofisi. Nilimwonea huruma sana, na mimi si mtu mwepesi wa huruma.

Alinyoosha mkono akaichukua, akaitazama juu, akaitazama chini.

"Haina namba ya kumbukumbu," akasema. Akaikunja akaitia mfukoni.

Mashati mawili ya sare aliyarudisha. Kaptula alibaki nazo kwa kuwa hazikutajwa. Kesho yake nilisikia cheni ikipita kuelekea msituni saa ile ile ya siku zote, na watu wakaendelea kumkimbia kama zamani. Hakuna aliyewaambia wasimkimbie.

Aliyemwokoa ni Mama Gesti. Huyu alikuwa akiuza khanga, akafungua nyumba ya wageni yenye vyumba vinne, na wageni wake wengi wakawa wazungu vijana wenye mabegi makubwa mgongoni na baiskeli za gia. Walitaka kutembea msituni. Kwetu mtu anayetembea bila mahali pa kwenda hutazamwa kwa wasiwasi, kwa hiyo tuliulizana sana.

"Wanakwenda wapi?"

"Wanazunguka tu."

"Wamepoteza nini?"

Mama Gesti hakujali walichopoteza. Alimwita Bwana Misitu, akamwambia awatafutie njia na awaongoze. Akaitengeneza. Aliunganisha vijia vya kuchotea maji, vya ng'ombe na vya magogo, akafyeka, akatupa mawe pembeni, akajaza kokoto kwenye tope. Alifanya kazi ile kwa panga na reki miezi mitatu, na ilipokwisha tulikuwa na njia inayoanzia sokoni, inaingia kwenye misonobari, inapita chemchemi, na kutokea ghubani upande wa pili. Wageni walisema hawajawahi kuona njia kama hiyo. Hilo lilikuwa kweli, kwa sababu njia yenyewe ilikuwa imepinda ajabu.

Ilipinda kwa sababu ilipita nyumba za watu. Bwana Misitu hakuona namna ya kupita karibu na mji wa mtu bila kumsalimu, kwa hiyo aliileta njia mpaka uani kwa kila mtu aliyekuwa akimsalimu alipokuwa kazini. Nyumba kumi na moja. Na kwetu mtu hamsalimu mkubwa akiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unaushika usukani, unasema shikamoo, unaulizwa habari za ulikotoka, ndipo unapanda tena. Aliwafundisha wazungu wote. Kulikuwa na mmoja mwenye ndevu aliyekuja na saa ya kupima mbio zake. Nyumba ya kwanza akashuka, ya pili akashuka, huku saa inahesabu. Kufikia nyumba ya sita aliivua akaitia mfukoni, na ya tisa nikaambiwa alikaa akamenya mihogo.

Nimesema kila mtu. Palikuwa na nyumba moja ambayo njia haikupita.

Ukitoka kwenye chemchemi kuna njia panda. Kulia ni ufukweni, tambarare, kivuli kizuri, dakika kumi uko ghubani. Kushoto ni kilima cha mawe, saa nzima ya kusukuma baiskeli na kutukana kimoyomoyo. Njia ya Bwana Misitu ilikwenda kushoto. Ukifika juu unaliona ziwa lote na visiwa vyake, na meli ya Mwanza ikija taratibu. Wazungu walipiga picha mpaka filamu zikaisha. Mama Gesti alichoresha kilima kile kwenye kibao chake. "Njia hii niliichagua kwa ajili ya mandhari," Bwana Misitu aliwaambia, ameweka mikono nyuma.

Uongo mtupu. Aliichagua kwa sababu kule chini ufukweni kulikuwa na nyumba ya shemeji yake, na ndani ya nyumba hiyo alikuwamo mke wake.

Mimi nilikula kwa kilima kile, sifichi. Kila kundi lililoteremka lilinijia na spoku zilizovunjika na rimu zilizopinda. Lakini jambo lenyewe lilinikera. Mtu mzima, anayewashusha wageni wa watu kwenye baiskeli mara kumi na moja kwa ajili ya heshima, anauzunguka mji wa mkewe kwa saa nzima.

Ilikuwa hivi. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ni fundi wa mitumbwi. Mwaka mmoja, kabla ya barua ile, aliingia msituni akaangusha mvule bila ruhusa. Watu wengine wangesikia kri-kri-kri wakatoweka. Yeye aliisikia, akaijua, akakaa juu ya gogo na kuanza kutafuna muwa, kwa sababu anayekuja ni shemeji. Alimwekea na kipande chake. Bwana Misitu akatokea, akamkuta mtu na mti na shoka, na watu wawili waliokuwa wakipita wakiwatazama. Alikuwa hajawahi kumkuta mtu. Aliniambia baadaye kwamba alisimama pale akimwomba Mungu shemeji yake akimbie. Shemeji akamwambia karibu muwa.

Miezi sita jela, Mwanza.

Siku ya hukumu mke alirudi nyumbani mbele yake, akasimama uani, majirani wote tukiwa na shughuli zilizotupeleka karibu na ua ule. Hakupiga kelele. Alimwambia: "Na kitanda tunacholalia, kibali chake kiko wapi?"

Kitanda kilikuwa cha mvule. Mti aliukata mwenyewe mwaka waliooana, akakichonga mwenyewe, na kibali hakikuwapo. Mke alisubiri jibu kwa muda ambao mtu angeweza kukoka moto. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkeka na sufuria, akaenda kwa kaka yake kumtunzia watoto mpaka atoke. Kaka alitoka, yeye hakurudi.

Siku moja niliingia nyumbani kwa Bwana Misitu, alipokuwa na malaria. Nilimkuta amelala chini, juu ya gunia. Kitanda kilikuwa pembeni yake, shuka limetandikwa likakaza, na juu ya shuka vitabu vya vibali vya zamani vimepangwa.

"Mbona uko chini, Mzee?"

"Kina vitabu," akasema, akageukia ukutani.

Miaka saba ilipita hivyo. Mimi nilimsema, tena si mara moja. Nilimwambia, Mzee, ni dakika kumi tu, tambarare. Akaniambia kuna mchanga, magurudumu yanazama. Mama Gesti alimsema kwa nguvu zaidi, maana alianza kupata wageni wenye umri, na mmoja wao alikaa katikati ya kilima akagoma kupanda na kushuka pia. Mama Gesti alikuja hadi kibandani kwangu alipojua Bwana Misitu yupo.

"Pitisha njia ufukweni," akamwambia.

"Haiwezekani."

"Inawezekana. Unawapandisha watu wazima kilimani kwa sababu unamwogopa mwanamke."

Bwana Misitu aliinamia gurudumu lake, akazungusha pedeli mara moja. "Simwogopi," akasema. "Sina la kumjibu."

Mama Gesti aliaga akaenda zake.

Aliyefungua jambo hilo ni breki mbovu. Alikuja binti mmoja wa Kiswidi, mchangamfu, Kiswahili chake cha vitabuni, safi kuliko cha wengi wetu. Alitangulia mbele ya Bwana Misitu, na akiteremkia chemchemi breki zikamwachia. Badala ya kukata kushoto, akapitiliza kulia na kupotea ufukweni. Bwana Misitu alifika njia panda akaziona alama za magurudumu zinakoelekea. Alisimama. Hakumfuata. Alirudi mpaka kwangu, akakaa kwenye benchi, uso umemwiva kwa jasho, akiniambia kila baada ya dakika mbili kwamba binti yule anajua kuogelea.

Alasiri binti akaja akisukuma baiskeli, mzima, magoti yana mchanga. Akatuamkia vizuri, shikamooni, akasema kwamba mama mmoja amempa ugali wa muhogo na samaki wa furu, na kwamba ameshiba sana.

"Aliniuliza kama wewe ni mzima," akamwambia Bwana Misitu. "Nikasema ndiyo. Halafu akauliza kama kitanda bado kipo. Sikumwelewa. Kitanda gani?"

Bwana Misitu aliigeukia baiskeli ya mgeni.

"Fundi," akasema, "zikaze hizi breki."

Wiki mbili sikuisikia ile cheni. Wageni waliongozwa na mpwa wa Mama Gesti, aliyewapitisha barabarani. Watu wakaanza kusema Bwana Misitu anaumwa, na ni kweli miguu ilikuwa imemvimba, soksi hazikupanda tena mpaka magotini. Asubuhi moja akaja, anakokota mguu, akaniambia nifunge kibanda nichukue baiskeli na kamba.

Nyumbani kwake, kitanda alikuwa amekifungua. Mbao za kichwani na za miguuni ziliegemezwa ukutani, za ubavuni ziko chini, chaga amezifunga mganda mmoja. Vitabu vya vibali vilikuwa vimepangwa sakafuni pale alipokuwa akilala. Mbao nilizifunga kwenye karia yangu, zikatokeza huku na huku, na chaga tukazifunga kwenye yake.

Tulisukuma. Kila nyumba tulisalimu, na zile za mwanzo waliuliza tunakwenda wapi. "Napeleka mzigo," akajibu. Hadi nyumba ya nne walikuwa wakiutazama mzigo. Kuanzia ya tano hawakuuliza tena, walitusindikiza kwa macho tu, na bibi wa nyumba ya saba aliingia ndani akatoka na kitambaa safi akafuta vumbi ubao wa kichwani.

Kwenye njia panda nilikata kushoto, kwa mazoea. Baiskeli iliyokuwa nyuma yangu ikasimama.

"Huko kuna nini?" akauliza.

"Mandhari," nikamjibu.

Hakucheka. Akakata kulia.

Mchanga haukuwapo. Palikuwa pagumu, pamekanyagwa vizuri, pengine palikuwa hivyo miaka yote. Tulipoiona nyumba, hatua kama mia mbele, alisimama akavuta pumzi, akaning'inia kwenye usukani, kisha kwa taabu kubwa akauinua mguu ule uliovimba akapanda baiskeli. Nikamwambia, Mzee, tumeshafika, unapanda ya nini. Akapiga pedeli, kri-kri-kri, mpaka ukingoni mwa ua, na hapo akashuka, akashika usukani, akavuta kaptula yake ikakaa sawa.

"Hodi hapa," akasema.

Mke wake alikuwa tayari amesimama uani. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka.

"Karibu, Bwana Misitu," akasema. Jina alilomwita ndilo tulilomwita wote.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akakizunguka kitanda pale kilipo, juu ya karia yangu, akapitisha kiganja kwenye ubao. Kisha akamtazama mumewe.

"Kibali kiko wapi?"

Siku nyingine ningecheka. Bwana Misitu aliingiza mkono mfukoni akatoa karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mara nne. Akanipa mimi.

"Soma, fundi. Kwa sauti."

Mlangoni alikuwa ametokea shemeji, tezo mkononi, vipande vya mbao kwenye nywele. Nikasoma. "Kibali cha kusafirisha kitanda kimoja cha mvule. Mti ulikatwa bila ruhusa. Aliyekata ni mimi. Aliyefungwa ni shemeji yangu. Nilipoulizwa, sikujibu." Chini palikuwa na sahihi yake, ile ile ndefu tuliyoijua wote.

"Rudia pale pa aliyefungwa," shemeji akasema.

Nikarudia.

"Namba ya kumbukumbu sikuweka," Bwana Misitu akasema chinichini.

Shemeji aliweka tezo chini, akaja, akafungua kamba, akaunyanyua ubao wa kichwani na kuutazama pande zote mbili kwa jicho la fundi.

"Ulichonga mwenyewe hiki?"

"Mwenyewe."

"Inaonekana," shemeji akasema. Akauinamisha ubao aupitishe mlangoni, na alipokuwa katikati ya mlango akageuza shingo. "Basi lete hizo chaga. Nani atanishikia?"

Bwana Misitu akabeba chaga, akaingia. Nikasikia nyundo, na sauti zao mbili, ya juu na ya besi, zikibishana ubao upi ni wa kichwani. Mke aliitoa karatasi mkononi mwangu, akaikunja kwa mikunjo ile ile, akaifundika kwenye pindo la khanga yake. Akasimama akisikiliza kule ndani. Macho yalikuwa yamemlowa na hakuyafuta.

Nikageuza baiskeli yangu niondoke, maana pale sikuwa na kazi tena.

"Fundi," akaniita. Akaonyesha kwa kidevu ile baiskeli nyeusi ya Kichina, iliyoegemezwa kwenye ukuta wake. "Mafuta unayo?"

"Ninayo, mama."

"Itie. Miaka saba naisikia ikipita kule juu."

Nikachutama, nikaitia.